Banda la ngumi nyuma ya soko la Mwanga, Kigoma: hapa raundi hairukwi hata ikipoa

Kwa mlioko Kigoma mjini na mnapenda mapambano ya kizimbani, UFC (lile shirika la Kimarekani la kuchanganya ngumi, mateke na mieleka) na jamii yake. Mabanda ya kuonyesha tunayo mengi tu, kuanzia Gungu mpaka Ujiji, lakini karibu yote ni ya mpira na muvi za kutafsiriwa, ngumi wanakuwekea kama kijazio wakati mnasubiri mechi ianze, na hata hapo wanakuwekea vile vipande vya nokauti tupu vilivyounganishwa na mziki juu, watu wanadondoka mmoja baada ya mwingine, unashangilia mpaka sauti inakauka alafu ukitoka nje hukumbuki hata jina la mmoja. Hili la Mwanga nyuma ya soko ni habari nyingine. Halina bango, ukifika maeneo yale ulizia banda la ngumi, hata watoto wanaouza karanga watakupeleka. Jumapili kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka saa mbili usiku hivi ni ngumi tu, kiingilio jero. Ile ya laivu ni buku na inabidi uwahi kweli, maana Las Vegas wakipigana Jumamosi usiku huku kwetu ni Jumapili saa kumi na moja au kumi na mbili alfajiri, wengine wanapitia wakitoka msikitini, wengine wanaangalia pambano kuu ndo wanaenda kanisani.

Sheria ya pale ni moja, pambano likishaanza halikatwi wala halipelekwi mbele. Mwenye banda ni mzee mpole, rimoti anaitia mfuko wa shati na kufunga kifungo juu yake, na nimeshuhudia vijana wakimbembeleza "mzee sogeza mbele kidogo hapa wamelala hawa" naye anajibu "mwanangu mlango ule pale, na jero yako hii chukua", na anaitoa kweli. Kijana wake ndo mtafsiri. Ana maiki moja inayokwaruza, na hatafsiri maneno ya watangazaji wa Kimarekani, sidhani hata kama anawasikiliza, anaeleza anachokiona yeye. Mkononi ana mpini wa ufagio. Pambano likianza, ile dakika ya kwanza na ya pili, ncha ya mpini anaiweka chini kabisa ya skrini, kwenye miguu ya wapiganaji, anasema "mikono waachieni wenyewe, sie tuangalie miguu". Mara ya kwanza unaona kama usumbufu maana ule mpini unaziba tangazo la bia pale sakafuni, ila ukishazoea ukienda banda lingine unaukosa.

Sasa nilichotaka hasa kuandika ni ile Jumapili aliyoweka mapambano ya Lyoto Machida, Mbrazili, kwa mpangilio wa miaka, yaliyopigwa akipanda na yaliyopigwa akishuka. Mimi huyu mwamba namkubali kuliko wote na najua wengi mnamuona anachosha. Ndo maana nasema banda hili lina thamani, kwa sababu Machida ukimwangalia kwa vipande hujamwangalia. Kipande kitakuonyesha sekunde tatu za mwisho, mtu kalala. Kazi yote ilifanyika kwenye zile dakika nne za nyuma ambazo mhariri kazitupa.

Kwa wasiomjua, baba yake ni Yoshizo Machida, Mjapani aliyehamia Brazil na kuwa mwalimu mkubwa wa karate ya Shotokan, na watoto aliwalea kwenye dojo, ukumbi wa kufundishia karate, kule Belém, kaskazini huko karibu na mto Amazon. Lyoto kakulia kwenye karate, kaongeza sumo, kaongeza jiu-jitsu, ile ya kukabana chini. Kipindi anaingia UFC, mwaka 2007, karate ilikuwa imeshachekwa sana kizimbani. Watu walikuwa wanaamini ukitaka kushinda unahitaji ndondi, ndondi ya Kithai ya viwiko na magoti, mieleka, na jiu-jitsu, basi. Karate ilionekana ya kuvunjia mbao kwenye maonyesho. Wapiganaji wengi walisimama kifua mbele, mikono imeziba uso, wanamfuata mtu hatua kwa hatua mpaka kwenye ukuta wa waya.

Huyu akaja anasimama ubavu. Miguu imeachana sana, mikono iko chini karibu na kiuno, kifua kimeegemea nyuma, na anasimama mbali, yani mbali kiasi kwamba wewe mtazamaji unajiuliza hawa watagusana saa ngapi. Kijana wa maiki alieleza hapa vizuri mpaka watu wakanyamaza. Alisimamisha picha, akapima kwa ule mpini toka mguu wa mbele wa Machida mpaka mguu wa mbele wa mwenzake, akasema oneni, huyu ili amfikie huyu kwa ngumi inabidi apige hatua mbili, hatua moja haitoshi. Hatua ya kwanza ndo inamtangaza. Kwenye hatua ya pili uzito wote uko mbele, mguu mmoja uko hewani, hawezi kurudi wala hawezi kukwepa, na hapo ndo Machida anampokea na mkono wa kushoto ulionyooka, kisha huyo kaondoka kwa pembeni. Akaachia picha iendelee na ikawa hivohivo, paa, banda zima likapiga kelele.

Kuna kitu nataka niongezee mwenyewe ambacho kijana hakukisema. Glavu za UFC ni za aunsi nne, vidole viko nje. Kwenye ndondi glavu ni kubwa, ukiinua mikono miwili unapata ukuta wa kujificha. Kwa hizi za aunsi nne ngumi inapenya katikati ya mikono yako kirahisi tu. Kwahiyo Machida kushusha mikono haikuwa dharau wala mbwembwe, kinga yake ni umbali, na umbali unalindwa na miguu, ndo maana ule mpini unakaa chini. Na kizimba chao kikubwa kina upana wa karibu mita tisa, pana nafasi ya kutosha mtu kurudi nyuma kwa duara bila kugota. Wangempiganishia chumbani kwangu sijui kama angekuwa bingwa.

Pambano la kwanza kuzua minong'ono lilikuwa na Tito Ortiz, UFC 84, yani tamasha lao namba 84, Mei 2008. Ortiz alishawahi kuwa bingwa wa uzito ule, jina kubwa, mtu wa mieleka, anataka akushike akuangushe akukalie juu. Raundi tatu nzima anamtafuta Machida hampati. Anasogea, Machida hayupo. Anasogea tena, anakula teke la mbavu, Machida hayupo. Raundi ya kwanza banda lilivumilia, raundi ya pili minong'ono ikaanza, jamaa mmoja wa mbele akasimama kabisa akasema huyu anakimbia, hii ni riadha, turudishieni hela zetu. Nyuma yangu alikaa mvuvi wa Kibirizi, bado ana koti lake la mvua kwa jinsi mawingu yalivyokuwa siku ile, akamjibu taratibu tu: "Kaka, kwani sie dagaa tunawafukuza? Unawasha taa unanyamaza, wanakuja wenyewe chini ya mtumbwi ndo unavuta wavu. Piga kelele uone kama hujarudi na maji." Watu wakacheka, jamaa akakaa. Na raundi ya tatu Ortiz kaja kwa pupa akapigwa goti la tumbo akaenda chini ameshika mbavu, banda likalipuka. Sekunde za mwisho mwisho hivi Ortiz akiwa chini alimnasa Machida shingo kwa miguu, nusura amalize kazi, nusura kweli, na hiyo nayo ungeikosa kama mzee angekuwa mtu wa kupeleka mbele. Majaji wote watatu walimpa Machida.

Kipindi kile wakubwa wengi walikuwa hawamtaki kwenye pambano kuu kwa sababu hiyohiyo, anashinda kwa pointi, hauzi. Alafu ikaja Januari 2009 na Thiago Silva, Mbrazili mwenzie, naye hajawahi kupoteza, mtu wa kukimbilia mbele na hasira. Hapa ndo unaelewa kwamba mtindo wa Machida unategemea na hasira zako wewe. Ortiz alikuwa anasita, kwahiyo pambano likapoa. Silva hakusita, akajiingiza mzimamzima, na kila akijiingiza anadondoka. Ya mwisho alichotwa mguu akaenda chini, na kabla hajajua yuko wapi ngumi moja ikashuka, refa akaingia, saa inasoma dakika nne na sekunde 59. Ilibaki sekunde moja raundi ya kwanza iishe. Mzee mwenye banda ambaye huwa hasemi kitu alisema hapa tu, akasema "huyo alikuwa na haraka ya kwenda wapi".

Miezi minne baadae, Mei 23 mwaka huohuo, UFC 98, Rashad Evans bingwa naye hajapoteza. Hili ndo pambano la kuangalia na mpini. Raundi ya kwanza hakuna kitu kwa macho ya haraka, wawili wanapimana. Ila angalia, kila Machida anapogeresha, anatikisa goti au bega kidogo tu, Rashad anashtuka. Kwa hivo vishtuko anamsoma. Anajifunza huyu nikifanya hivi anarudi nyuma kwa mstari mnyoofu, nikifanya hivi anainamia kulia. Raundi ya pili akaanza kuvuna, na pale kwenye waya mwishoni Rashad alipigwa mfululizo mpaka ile ngumi ya kushoto ikamkunja vibaya, mguu umelala chini yake, mtu ambaye hajawahi kupoteza maisha yake yote. Machida akapewa mkanda na maiki, akatangaza karate imerudi. Banda letu lilisimama kumpigia makofi mtu aliyeshinda mwaka 2009, na ukipita nje ungesema Simba kafunga.

Hapa inabidi tukubaliane kitu lakini, maana kuna watu siku hizi kila pambano lililopoa wanasema ni subira, ni akili, nyie hamjui mchezo. Hapana. Kuna subira na kuna woga, na kijana wa maiki baada ya Rashad alituwekea kwa makusudi Francis Ngannou na Derrick Lewis, Julai 2018, tuone tofauti. Watu wawili wazito kuliko wote, wenye ngumi za kuangusha ukuta, wakaangaliana robo saa nzima. Miguu haijengi chochote. Hakuna anayegeresha, hakuna anayeiba kona, wakirudi nyuma wanarudi kwa mstari na wanakaa hukohuko. Ngannou mwenyewe alikuja kukiri kwamba aliingia mle na hofu aliyoibeba kutoka pambano lililopita, lile la Stipe Miocic alilopelekeshwa raundi tano Januari mwaka ule. Na uzuri, huyohuyo Mkameruni wetu, Machi 2021, akarudi kwa Miocic, katulia, hajarusha ngumi za hovyo kama mara ya kwanza, mwenzie alipojaribu kumshika miguu akamkatalia, anampima anampima, raundi ya pili akamlaza na kuchukua mkanda. Mtu mmoja, mara moja kaganda na mara moja katulia, na ukiangalia miguu unaziona kabisa kuwa ni hali mbili tofauti. Sijawahi kuona banda lingine likipanga mapambano kwa akili hivo, kwa jero!

Narudi kwa Machida, kwa sababu kilichonifurahisha zaidi ni kwamba hawakuficha alivyopigwa. Mauricio Rua, yule Shogun, UFC 104, Oktoba 2009, raundi tano kamili na zote tulizikaa. Shogun alikuja na jibu, na jibu lake lilikuwa ni kukataa kukimbilia mbele. Yani wenzake wote walimfuata Machida wakanasa, yeye akasogea hatua moja akasimama, akasogea hatua moja akasimama, na Machida akianza kurudi, pale mwisho wa hatua yake ya kurudi, mguu ukiwa umekanyaga chini umebeba uzito, anaupiga teke. Paja, mbavu, paja. Hakutafuta kichwa. Ukishapigwa paja la namna ile mara nyingi ile miguu inayokulinda inakuwa mizito, umbali unaanza kupungua wenyewe. Kijana safari hii alikuwa anagonga mpini sakafuni kila teke likitua ili tuhesabu kwa masikio, na raundi ya nne watu walikuwa wanagonga na miguu pamoja naye, mabenchi yanatikisika.

Majaji wote watatu wakatoa 48 kwa 47 kwa Machida. Aisee. Watu kule uwanjani Los Angeles walizomea na pale Mwanga nako watu walizomea, miaka mingapi imepita. Ulizuka ubishi mpaka mama muuza kahawa akaingia ndani kuangalia kuna nini. Wengine wanasema bingwa hanyang'anywi mkanda kwa mateke ya paja, wengine wanasema basi majaji wakapigwe hayo mateke wao. Mimi na mapenzi yangu yote kwa Machida naona Shogun aliibiwa. Mtindo wa kungoja una hasara hiyo, unategemea yule anayehesabu aone ulichozuia, na kuzuia hakuna pointi. Ukikwepa ngumi ishirini karatasi ya jaji haiandiki kitu, inaandika zilizotua.

Marudio yakawa Mei 2010, Montreal, na Shogun alimlaza raundi ya kwanza. Ila angalieni kilichotokea kabla, Machida mara hii aliingia yeye. Labda yale makelele ya kuibiwa yalimkaa, sijui, lakini alikuwa anasogea mbele zaidi ya kawaida yake, na katika kusogea ndo akakutana na mkono wa kulia. Yule mvuvi akasema "taa imezimika" akanyanyuka kwenda kununua mihogo.

Baada ya hapo mtafsiri aliweka yale ya raha. Randy Couture, Toronto, Aprili 2011, uwanja una watu 55,724, mzee wa miaka 47 anaangaliwa pambano lake la mwisho, Machida anageresha na goti la mguu mmoja, anaruka, teke la mbele la mguu mwingine linatua mdomoni. Teke la siku ya kwanza darasa la karate lile, kila mtoto anafundishwa, na kwa miaka mingi wajuzi walisema halifanyi kazi kizimbani. Ryan Bader 2012, huyo kakimbia mwenyewe na kichwa mbele akajigonga kwenye mkono wa kulia, sidhani hata kama Machida alitumia nguvu. Na Vitor Belfort, Rio, Mei 2018, teke lilelile tena, Machida zimebaki wiki chache afikishe miaka 40. Haya mapambano matatu ndo yako kwenye kila video ya vipande, na pale bandani yalichukua muda mfupi kuliko yote, watu walishangilia lakini ubishi uliobaki wakati tunatoka ulikuwa ni wa zile raundi tano za Shogun. Nadhani hiyo inatosha kukuambia ni banda la namna gani.

Sasa mapungufu, maana nisije nikaonekana nimelipwa soda. Mabenchi hayana egemeo, ukikaa masaa matatu pale mgongo unakuomba msamaha, nenda na kitenge cha kukalia. Joto. Madirisha yote wameziba kwa maboksi ili skrini ionekane vizuri, feni hakuna hata moja, na watu wakijaa unatoka umelowa. Skrini ni kubwa, nadhani inchi 55, ila kona ya chini kushoto ina doa jeusi, na wapiganaji wakisogea kona ile miguu haionekani na miguu ndo somo lenyewe, mnaona shida yake. Umeme ukikatika jenereta ipo na inawashwa haraka, ila iko ukutani kabisa, kelele inamzidi kijana wa maiki, na hapo bora aache kuongea maana anapiga kelele na yeye. Tena kijana mzuri sana kwenye kusimama, lakini wakishaenda chini anapotea, kila kitu anaita kaba. Mtu kashikwa mkono anasema kaba, kashikwa mguu kaba. Lile pambano la Machida na Sokoudjou wa Kameruni, Desemba 2007, Sokoudjou alibanwa shingo pamoja na mkono wake mwenyewe, kitu kizuri cha kuelezea polepole na mpini, yeye akasema "kakabwa huyo" basi ikaisha.

Kwa akina dada, nimeenda na mdogo wangu na nimeenda mwenyewe, hakuna aliyenisumbua. Mzee huwa anaacha benchi la pembeni karibu na mlango, ukifika umsalimie vizuri atakuonyesha. Bangi haruhusu, bia haruhusu, anayetukana anatolewa bila jero yake. Choo kipo kwa jirani, miambili, sio kisafi sio kichafu. Nje kuna mama wa kahawa na kashata, na mihogo ya kukaanga yenye pilipili kali ya mawese ambayo kwa kweli ingestahili maelezo yake peke yake. Alfajiri ya laivu mihogo haipo, kahawa ipo.

Ubao wa mlangoni kwa Jumapili inayokuja umeandikwa kwa chaki Stephen Thompson na Tyron Woodley, yote mawili, la Novemba 2016 New York lililoisha sare na la Machi 2017 ambalo Woodley alibaki na mkanda. Thompson naye ni mtoto wa karate, anasimama ubavu, anangoja. Shida ni kwamba na Woodley alingoja, alirudi mpaka karibu na waya akasimama pale, njoo wewe, hapana njoo wewe. La kwanza ni tamu, Woodley karibu ammalize raundi ya nne. Lile la pili ni raundi tano za watu wawili wanaotegeana, mashabiki uwanjani walizomea, na rimoti itakuwa mfukoni kifungo kimefungwa. Nataka nione mangapi kwenye yale mabenchi yatakuwa na watu raundi ya tatu ikianza. Mimi nitakuwepo na kitenge changu. Mnaokuja mje na chenji, mzee ukimpa elfu kumi atakuambia ukae tu utalipa siku nyingine, alafu wiki nzima ukipita sokoni unaona aibu.